Jumla ya Ukaguzi na Sufuri Zake Mbili

Mwanzoni mwa karne ya 20 waya wa simu wa kampuni iliyoanzishwa na Cecil Rhodes ulitoka Abercorn, mji ambao leo huitwa Mbala nao umo katika nchi ya Zambia, ukafuata upande wa mashariki wa Ziwa Tanganyika hata ukafika Ujiji. Njia yake ilipita katika nchi ya Wafipa, ambayo siku zile ilikuwa chini ya Wadachi, na bandari ya Kasanga ikiitwa kwa jina lao Bismarckburg. Waya huo haupo tena, lakini desturi moja ya makarani wa simu wa zamani yafaa ikumbukwe, kwa kuwa ndiyo mzazi wa jambo linaloelezwa hapa. Kabla ya kupeleka maneno ya simu, karani alipeleka kwanza hesabu ya maneno hayo. Karani wa upande wa pili alipokwisha kuandika aliyoyasikia, aliyahesabu. Hesabu ikiwa sawa aliipokea simu, ikipungua au kuzidi aliomba irudiwe. Na simu yenye tarakimu, kama ya bei au ya idadi ya mizigo, iliweza kurudiwa tarakimu zake mwishoni, kwa sababu neno lililokosewa herufi moja aghalabu hutambulikana, bali tarakimu iliyokosewa hubaki kuwa tarakimu.

Desturi hiyo ilidai mapatano juu ya jambo ambalo wataalamu wa lugha hawajapatana hata leo, yaani neno ni nini. Mtu aandikaye "nitakapokuja" ametumia neno moja. Mwingereza mwenye maana ile ile hutumia manne. Jina Sumbawanga, kama linavyoelezwa mara nyingi, limeungwa kwa maneno mawili ya Kifipa, moja la kutupa na moja la uchawi; lakini katika simu ni neno moja, na karani mmoja akilihesabu moja na mwenziwe akalihesabu mawili, simu iliyofika salama itaonekana kuwa imeharibika. Hii ndiyo hatari ya kwanza ya kila hesabu ya namna hii: wahesabuji wakitofautiana kanuni, kilicho kizima hukataliwa. Hatari ya pili ni kinyume chake: mhesabuji akiacha kuhesabu lakini akaendelea kutia sahihi, kilichoharibika hupokelewa. Makosa mawili katika hesabu za mitandao ya kompyuta, moja lililoandikwa mwaka 1990 na moja lililogunduliwa mwaka 2015, yanaonyesha hatari hizo mbili waziwazi kuliko mfano wowote wa kubuni.

Leo habari itokayo Sumbawanga kwenda Dar es Salaam hupita katika nyuzi za kioo za Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, kwa njia ya Tunduma na Mbeya. Haisafiri nzima. Kompyuta huikata vipande, na kila kipande hupewa kichwa chenye anwani ya kilikotoka na ya kinakokwenda. Kipande hicho huitwa pakiti. (Jina la kifurushi lingependeza zaidi, lakini makampuni ya simu yamekwisha kulichukua kwa maana ya maongezi na intaneti inunuliwayo kwa pamoja, na mtu akiambiwa kwamba kifurushi chake kimepotea njiani atakwenda dukani kulalamika.) Ndani ya kichwa cha pakiti mna nambari moja ambayo kazi yake ni ile ile ya hesabu ya maneno ya simu. Nambari hiyo hapa itaitwa jumla ya ukaguzi. Neno hundi halifai, maana hundi ni karatasi ya benki. Na uhakiki limekwisha kuwa mali ya wasomi wa fasihi. Ukaguzi ni kazi ya mkaguzi wa hesabu, ambaye haulizi kama mwenye duka ni mwema, ila kama daftari na sanduku la fedha vinalingana. Ndivyo ilivyo jumla hii. Haijui kama habari ni ya kweli. Yajua tu kama kilichofika ndicho kilichotumwa, nayo hata hilo halijui kwa yakini.

Msomaji wa tenzi za Kiswahili ameizoea hali hii pasipo kuipa jina. Kila kipande cha utenzi kina mizani minane, na kwa desturi vipande vitatu vya kwanza vya ubeti hulingana kwa kina, na cha nne hubeba kina kinachoendelea tangu mwanzo hadi mwisho. Mwandishi anakilipo hati ya zamani akaangusha silabi, mizani humsuta. Kwa mfano wa kubuni, kipande "Mahindi yaliyofika" kina mizani minane. Kikiandikwa "Mahindi yalifika" inabaki saba, na kosa limejulikana. Kikiandikwa "Mahindi yaliyooza" mizani bado ni minane, lakini kina cha -ka kimekuwa -za, basi kosa limejulikana vile vile. Lakini kikiandikwa "Mahindi yaliyotoka", mizani ni minane, kina ni -ka, na maana imegeuka juu chini. Mkaguzi huyu hana la kusema. Kila ukaguzi una makosa unayoyaona na makosa usiyoweza kuyaona, na sifa ya mtungaji wa kanuni ni kuchagua asiyoyaona yawe yale yasiyotokea mara kwa mara.

Kanuni ya jumla ya ukaguzi ya intaneti iliwekwa katika hati za Septemba 1981 zilizohaririwa na Jon Postel huko Marekani, hati nambari 791 na 793. Na namna ya kuikokotoa upesi ikafafanuliwa Septemba 1988 katika hati nambari 1071, iliyoandikwa na Braden, Borman na Partridge. Kompyuta huzigawa tarakimu zake katika mafungu ya biti 16, yaani tarakimu 16 za moja na sufuri. Kwa kuwa macho ya watu hayakuzoea hesabu hiyo, mfano wa hapa utatumia mafungu ya tarakimu nne za kawaida, na mambo yatakwenda vile vile.

Iwe kwamba pakiti ina mafungu matatu: 4120, 7350 na 2015. Jumla yake ni 13485. Nafasi ni za tarakimu nne tu, basi ile moja iliyozidi upande wa kushoto haitupwi, bali hurudishwa nyuma na kuongezwa upande wa kulia: 3485 na 1 ni 3486. Kisha hutafutwa nambari itakayoijaza hiyo iwe 9999, nayo ni 6513. Hii ndiyo jumla ya ukaguzi, na nambari ya namna hii huitwa kikamilisho, neno ambalo wanasarufi nao wanalitumia kwa jambo lao. Mpokeaji hujumlisha mafungu yote manne pamoja, apate 19998. Moja iliyozidi ikirudishwa, hupatikana 9999. Tisa zote zimesimama, pakiti imekubaliwa. Njiani 4120 ikigeuka 4210, mpokeaji atapata 0090, na pakiti itatupwa. Lakini mafungu yakibadilishana nafasi tu, 7350 likitangulia 4120, jumla haibadiliki hata kidogo. Na fungu moja likizidi kumi na jingine likipungua kumi, jumla haibadiliki pia. Watungaji walilijua hilo. Walichagua hesabu hii kwa wepesi wake, kwa kuwa mashine za siku zile zilikuwa dhaifu, na njia zenyewe zilikuwa na ukaguzi wake mwingine ulio mkali zaidi.

Hesabu hii ina ajabu moja, nayo ndiyo shina la kosa la kwanza. Ina sufuri mbili. Ongeza 0000 kwa 0005, utapata 0005. Ongeza 9999 kwa 0005, utapata 10004, nayo moja ikirudishwa ni 0005 tena. Basi 9999 haiongezi kitu, sawasawa na 0000; ni sufuri kwa kazi, ingawa si sufuri kwa sura. Mtaalamu wa lugha angeziita visawe. Nao wasemao kwamba visawe kamili havipo katika lugha wangefurahi kuona yaliyotokea.

Pakiti itokayo Sumbawanga haiendi moja kwa moja. Katika kila kituo kuna mashine iitwayo ruta ambayo husoma anwani na kuielekeza pakiti mbele. Ili pakiti iliyopotea isizunguke milele, kichwa chake hubeba nambari ya uhai, na kila ruta hupunguza moja. Nambari ikiisha, pakiti hutupwa. Kompyuta nyingi zenye mfumo wa Linux huanza na 64. Matokeo yake ni kwamba kila ruta huibadilisha pakiti, na kwa hiyo jumla ya ukaguzi ya kichwa lazima ibadilishwe nayo. Kuikokotoa upya yote kwa ajili ya nambari moja iliyopungua kwa moja ni hasara, hasa kwa mashine ipitishayo maelfu ya pakiti kwa sekunde. Ndipo ikatafutwa njia ya mkato: irekebishwe jumla ya zamani kwa tofauti tu.

Mnamo Januari 1990 hati nambari 1141, ya Mallory na Kullberg, ilitoa njia hiyo. Ichukuliwe jumla ya ukaguzi ya zamani, iongezwe fungu la zamani, kisha kiongezwe kikamilisho cha fungu jipya. Yaonekana sawa, mwalimu wa aljebra angeipigia vema bila kusita. Na ingekuwa sawa daima kama sufuri ingekuwa moja.

Ichukuliwe pakiti ambayo fungu lake lenye nambari ya uhai ni 3285, na mafungu mengine kwa jumla ni 6715. Jumla ni 10000, yaani 0001, na jumla ya ukaguzi ni 9998. Ruta inapunguza moja, fungu linakuwa 3284. Ikikokotolewa upya kwa njia ndefu, 6715 na 3284 ni 9999, na kikamilisho chake ni 0000. Kwa njia ya mkato ya 1990, 9998 na 3285 na 6715, ambayo ni kikamilisho cha 3284, ni 19998, yaani 9999. Njia ndefu imetoa sufuri ya kwanza, njia ya mkato imetoa sufuri ya pili. Na kwa njia ndefu sufuri ya pili haipatikani kamwe, kwa sababu kichwa cha pakiti hakiwi sufuri tupu, na jumla ya mafungu yasiyo sufuri tupu haiwezi kuwa 0000.

Mpokeaji ajumlishaye mafungu yote pamoja na jumla ya ukaguzi haoni ubaya wowote, maana sufuri zote mbili zamletea 9999. Lakini mpokeaji mwingine hukokotoa mwenyewe kwa njia ndefu, kisha akalinganisha alichokipata na kilichoandikwa. Huyo aona 0000 mkononi mwake na 9999 katika pakiti, naye huitupa. Pakiti ilikuwa nzima. Habari ndani yake ilikuwa sahihi. Imetupwa kwa sababu makarani wawili wametaja kitu kimoja kwa majina mawili. Ikichukuliwa kwamba nambari zimetawanyika sawasawa, hali hii yaweza kutokea mara moja katika vichwa 65,000 hivi, na hapo ndipo ulipo ugumu wake: ni nadra mno isionekane katika majaribio, nayo si nadra kiasi cha kupuuzwa katika njia yenye shughuli nyingi.

Sahihisho lilitolewa Mei 1994 na Anil Rijsinghani katika hati nambari 1624. Halikuleta hesabu mpya, lilibadili mpango wa ile ile. Jumla ya ukaguzi ya zamani hugeuzwa kwanza irudi kuwa jumla halisi. Hapo huongezwa kikamilisho cha fungu la zamani, kisha fungu jipya. Halafu matokeo hugeuzwa tena. Kwa mfano ule ule: 9998 ikigeuzwa ni 0001, kikamilisho cha 3285 ni 6714, 0001 na 6714 na 3284 ni 9999, ikigeuzwa ni 0000. Sawa na njia ndefu. Kwa macho ya mtu ni fomula ile ile iliyopangwa upya, kama sentensi iliyotendwa na sentensi tendwa. Lakini mojawapo hupitia mlango wa sufuri moja na nyingine mlango wa sufuri ya pili. Si ajabu kwamba wajuzi walipitwa.

Yaweza kuulizwa kama ulinzi huu bado una kazi, ikiwa njia zenyewe zina ukaguzi wake mkali. Jonathan Stone na Craig Partridge walilipima jambo hilo na kutoa majibu mwaka 2000. Waliona kwamba kati ya pakiti 1 katika 1,100 na pakiti 1 katika 32,000 hukataliwa na jumla ya ukaguzi, ingawa zilikuwa zimepita salama katika ukaguzi wa njia. Maana yake ni kwamba mengi ya makosa hayatokei katika waya, bali ndani ya mashine zenyewe, baada ya mlinzi wa njia moja kuondoka na kabla ya mlinzi wa njia ya pili kufika. Pakiti yaweza kuvuka milima na mabonde yote baina ya Sumbawanga na pwani bila doa, ikaharibikia ndani ya sanduku lililo katika chumba chenye kiyoyozi.

Kosa la pili lilikuwa la mahali hapo hasa, nalo lilikuwa katika kiini cha Linux, mfumo wa uendeshaji alioanzisha Linus Torvalds huko Helsinki mwaka 1991, ambao sasa huendesha sehemu kubwa ya kompyuta zinazohudumia intaneti. Katika mfumo huo kila pakiti inayoingia hubandikwa alama inayosema hali yake. Kadi ya mtandao iliyokwisha kuikagua pakiti na kuiona nzuri huibandika alama yenye maana ya "haina haja ya kukaguliwa". Kadi isiyokagua, au iliyokagua na kukuta jumla haikubali, mara nyingi huibandika alama yenye maana ya "haijakaguliwa", na kumwachia kiini cha mfumo akague mwenyewe.

Kiswahili kina bahati hapa, kwa kuwa kiambishi -ja- chatenga mambo haya mawili pasipo maelezo. "Haijakaguliwa" husema kwamba kazi ipo na inangoja. "Haikaguliwi" husema kwamba kazi haipo. Katika programu alama hizo zilikuwa nambari mbili tu, na sehemu moja ya kiini ilikuwa ikiichukua ya kwanza na kuandika ya pili mahali pake. Sehemu hiyo huitwa veth, nayo ni kama waya wa kuwaziwa unaounganisha vyumba viwili ndani ya kompyuta moja. Walioandika hivyo hawakuwa wazembe. Waya wa kuwaziwa haukwaruzwi wala hauna kutu. Pakiti itokayo chumba kimoja kwenda cha pili ndani ya mashine ile ile haina pa kuharibikia, na kuikagua ni kupoteza muda. Lakini baadaye vyumba hivyo vilipata kazi mpya. Programu zilianza kuwekwa ndani yake kama mizigo ndani ya makontena, kwa mitambo kama Docker, Mesos na Kubernetes, na pakiti zilizopita katika veth hazikuwa tena za ndani tu. Nyingine zilitoka nje, mbali, zikiwa zimepitia mashine za kila namna. Pakiti iliyoharibika ilifika mlangoni na alama ya "haijakaguliwa", ikapita katika waya wa kuwaziwa, ikatokea upande wa pili na alama ya "haina haja ya kukaguliwa". Zile zilizostahili kuangaliwa ndizo zilizoondolewa katika foleni ya ukaguzi.

Basi kosa la 1990 lilifanya kitu kimoja chenye majina mawili kiwe vitu viwili. Hili la veth lilifanya vitu viwili viwe kimoja, na ndilo baya zaidi. Pakiti iliyotupwa bila haki hutumwa tena, na hasara ni ya nukta chache. Pakiti mbovu iliyopokelewa hairudi. Katika chembe za kompyuta, tarakimu 1 huandikwa 00110001 na tarakimu 9 huandikwa 00111001. Biti moja tu yazitenga. Ikiwa karani wa ghala la nafaka mjini Sumbawanga ametuma habari ya magunia 1,250 ya mahindi, na biti ile ikageuka ndani ya mashine mbovu, upande wa pili utasoma magunia 9,250. Hakuna neno lililokosewa herufi, hakuna sentensi isiyo na maana. Ni hesabu safi ya magunia ambayo hayapo, na malori yataagizwa kwa kuifuata. Ni kweli kwamba habari iliyofichwa kwa maandishi ya siri, kama zile za benki, ina ukaguzi wake wa pili ulio na nguvu zaidi, na ingegunduliwa. Lakini ndani ya majumba ya kompyuta, mashine kwa mashine, habari nyingi zilisafiri wazi.

Ugunduzi ulifanyika katika kampuni ya Twitter, Novemba 2015. Huduma nyingi zisizohusiana zilianza kuonyesha makosa yasiyowezekana: herufi za ajabu mahali pa maandishi, sehemu za lazima zikikosekana. Chanzo kilikuwa swichi moja iliyoharibika, iliyokuwa ikichafua pakiti. Hilo lilikuwa jambo la kawaida, maana vyuma huchoka. Lisilokuwa la kawaida ni kwamba pakiti zilizochafuka zilikuwa zikifika hadi kwenye programu, ilhali jumla ya ukaguzi ilipaswa kuzizuia. Vijay Pandurangan na Evan Jones walifuata nyayo hizo ndani ya kiini cha mfumo hata wakaifikia veth, na wakaonyesha kwamba hali ilikuwa hivyo kwa miaka kadhaa bila mtu kuona. Hakuna aliyeona kwa sababu ukaguzi usiofanyika hauachi alama. Mashine zote zilipokuwa nzima, palipokaguliwa na pasipokaguliwa palifanana.

Sahihisho lilipokelewa katika Linux, nalo lilihusu kufuta, wala si kuandika. Mistari michache iliyoibadili alama iliondolewa, na veth ikawa inaipitisha alama kama ilivyoikuta. Kwa kuwa kompyuta nyingi duniani hazitumii toleo jipya la mfumo, mistari hiyo ikafutwa pia katika matoleo ya zamani yaliyokuwa bado yanatunzwa, toleo baada ya toleo.